"Oli muserikale?" Kiswahili, Amin na hekaya za kambini

Taksi ya Masaka ilikuwa haijajaa bado, na kondakta alikuwa amesimama mlangoni akiita "Masaka! Masaka!" kama mtu anayemtafuta mtoto aliyempotea sokoni. Simu yangu ikaita. Alikuwa shemeji yangu wa Arua, na kwa kuwa mimi sijui Kilugbara wala yeye hajui lugha ya kwetu, tukaongea Kiswahili, habari za mahari, dakika tatu hivi. Nilipokata simu, mama mmoja aliyekaa ubavuni mwangu na mfuko wa dagaa miguuni akanikagua kuanzia viatu hadi kichwa.

"Ssebo, oli muserikale?" Bwana, wewe ni askari?

Nikamjibu kwa Luganda yangu ya kuungaunga kwamba mimi ni mwalimu. Akaguna. "Mwalimu gani anaongea lugha ya Amin?"

Anayezungumza Kiswahili Kampala ameshaulizwa hivyo, kama si kwa maneno basi kwa macho. Ndani ya swali hilo mna imani kadhaa zilizofungwa pamoja kama kitoweo cha luwombo kwenye jani la mgomba: kwamba Kiswahili kililetwa Uganda na jeshi, kwamba jeshi lenyewe lilikuwa la Idi Amin, aliyeitawala Uganda kuanzia 1971 hadi 1979, kwamba askari ni watu wa kaskazini waliozaliwa hivyo, na kwamba Amin aling'olewa na fulani, fulani huyo akitegemea umemwuliza nani. Tulikuwa na safari ya kilomita zaidi ya mia mbele yetu, foleni ya kutokea mjini ikiwa haijahesabiwa. Nikaamua kulifungua jani.

Nilianza na neno alilonitupia. Omuserikale, kwa Luganda, ni askari. Lakini neno lenyewe limetoka kwenye serikali, neno ambalo Kiswahili nacho kililipata kwa Waajemi. Muserikale ni mtu wa serikali. Kwa hiyo mama alikuwa akinishutumu kwa Kiswahili kwamba nazungumza Kiswahili.

Wala halikuja peke yake. Ekitabo, ebbaluwa, eddiini, essaawa, emmeeza: kitabu, barua, dini, saa, meza. Hata okusoma, ambalo Wakristo wa kwanza wa Buganda walijiita kwalo abasomi, wasomaji. Hakuna hata moja kati ya hayo lililoingia kwa mtutu. Wafanyabiashara Waarabu na Waswahili wa pwani walifika kwenye ikulu ya ufalme wa Buganda miaka ya 1840, enzi za Kabaka, yaani mfalme, Suna II, wakifuata pembe za ndovu. Mwanawe, Mutesa I, alifunga Ramadhani na kujifunza Kiarabu na Kiswahili. Mmisionari Alexander Mackay alipofika mwaka 1878 alihubiri ikuluni kwa Kiswahili, kwa sababu ndiyo lugha ya kigeni iliyokuwa ikieleweka pale. Amin alizaliwa miaka ya 1920. Kiswahili kilikuwa kimeshakaa kwenye zulia la Kabaka karibu miaka themanini.

Basi kiliingiaje kambini? Hapo ndipo hadithi inapokuwa ndefu, na mama wa dagaa alinivumilia.

Mwaka 1891 Kapteni Lugard wa Uingereza, akihitaji askari, alikwenda kuwachukua Wasudani walioachwa karibu na Ziwa Albert baada ya utawala wa Emin Pasha, gavana wa Misri kusini mwa Sudan, kusambaratika. Walizungumza Kiarabu cha kwao, kile ambacho leo kizazi chao pale Bombo hukiita Kinubi. Kwa miaka kadhaa hao ndio walikuwa uti wa mgongo wa jeshi la Waingereza Uganda. Kisha mwaka 1897 wakaasi. Mishahara ilikuwa midogo na inachelewa, na walikuwa wamechoka kutembezwa kutoka vita hii hadi vita ile bila kupumzika. Waliiteka ngome ya Luba, Busoga, wakamwua Meja Thruston na Wazungu wengine wawili. Waganda, yaani watu wa Buganda, kwa maelfu walikwenda kuizingira ngome hiyo upande wa Waingereza. Miongoni mwa waliopigwa risasi na kufa kwenye mashambulizi hayo ni George Pilkington, yule aliyeongoza kazi ya kufasiri Biblia kwa Luganda. Nilipotaja hilo mama aligeuka kunitazama kwa mara ya kwanza bila kunishuku. Biblia hiyo anayo nyumbani.

Baada ya uasi Waingereza hawakutaka tena jeshi la watu wa asili moja na lugha moja. Mwaka 1902 wakaunganisha vikosi vyao vya Afrika Mashariki na ya Kati kuwa King's African Rifles, jina ambalo midomo ya askari ililikata likawa Keya. Kikosi cha nne kilikuwa cha Uganda. Ukimweka Mwacholi, Mlugbara, Mteso na Mnubi kwenye mstari mmoja, unahitaji lugha moja ya kuwaamrisha, na taratibu lugha hiyo ikawa Kiswahili.

Lakini kiwe Kiswahili gani? Si kile cha washairi wa Lamu. Kilikuwa Kiswahili kilichokatwa mikono na miguu, Kikeya, kilichobaki na vitenzi vya amri tu. Simama. Kaa chini. Leta. Beba. Kimya. Mwanakijiji wa Mubende aliyekutana na Kiswahili kwa mara ya kwanza kupitia askari aliyekuja kudai kodi hakusikia "tafadhali" wala "hebu". Hilo naona linaeleza chuki ya leo kuliko jambo lolote alilolifanya Amin.

Na chuki hiyo ilipata mtetezi mkubwa mapema sana. Gavana William Gowers alipopendekeza mwishoni mwa miaka ya 1920 kwamba Kiswahili kitumike zaidi katika shule na utawala wa Uganda, Kabaka Daudi Chwa alipinga kwa maandishi mwaka 1929, na maaskofu nao wakapinga. Kabaka hakuwa na wivu wa lugha tu. Wakati ule Waingereza walikuwa wakizungumzia kuziunganisha Uganda, Kenya na Tanganyika, na Buganda ilihofia kumezwa na masetla wa Kenya. Kiswahili kilinusa muungano huo, kikakataliwa pamoja nao. Mwaka 1952 kikaondolewa kwenye orodha ya lugha za kufundishia shuleni, isipokuwa kwa polisi na watoto wao.

Soma tena sentensi hiyo. Serikali inakitoa Kiswahili shuleni, inakibakiza kwenye kambi za polisi, halafu baada ya miaka ishirini watu wanashangaa kwamba kila anayekijua ni polisi.

Tulikuwa tumepita Mpigi kabla sijafika kwenye hekaya ninayoichukia zaidi, ile inayosema watu wa kaskazini ni askari kwa damu na watu wa kusini ni watu wa vitabu. Waingereza waliiandika kwenye sera, na Waganda, Wacholi na Walugbara wote waliimeza, kila mmoja akachukua kipande kinachomsifu.

Ukweli ni kwamba karne ya 19 hakuna aliyeogopwa kivita eneo hili kuliko Buganda. Henry Stanley alipofika kwa Mutesa mwaka 1875 aliikuta ikipigana na watu wa Buvuma kwa jeshi kubwa la nchi kavu na mamia ya mitumbwi ziwani. Waingereza walipoishambulia Bunyoro kuanzia mwisho wa 1893, maelfu ya waliotembea mbele walikuwa Waganda. Mashariki mwa nchi kulitekwa kwa ajili ya Waingereza na Semei Kakungulu, Mganda.

Na kule Bunyoro, Omukama, yaani mfalme, Kabalega hakuwa mzee wa mikuki anayekimbizwa na bunduki, ingawa ndivyo watoto wengi wanavyomchora. Alikuwa na jeshi la kudumu, abarusura, lenye bunduki zilizonunuliwa kwa pembe, na baada ya kufukuzwa kwenye mji wake alipigana vita vya msituni kwa miaka mitano. Alipokamatwa tarehe 9 Aprili 1899 huko Lango, alikamatwa pamoja na Mwanga, Kabaka wa Buganda aliyekuwa ameasi. Mnyoro na Mganda, mahasimu wa vizazi, wanatekwa pamoja katika nchi ya Walango na kikosi ambacho ndani yake wamo Waganda. Nipe basi kabila la vita hapo. Wote wawili walipelekwa Shelisheli. Mwanga alifia huko mwaka 1903, Kabalega akafa mwaka 1923 Jinja, njiani akirudi kwao.

Wacholi je? Mwaka 1911 na 1912 watu wa Lamogi walipigana na Waingereza kwa sababu Waingereza walitaka kuwanyang'anya bunduki, na wakanyang'anywa. Miaka michache baadaye watu hao hao waliopokonywa silaha wakaanza kuandikwa kwamba ni askari wa kuzaliwa. Kilichobadilika hakikuwa damu. Kusini kulipandwa pamba, baadaye kahawa, na mkulima akaweza kulipa kodi bila kuondoka shambani kwake. Kaskazini kijana aliyetaka fedha ya kodi alikuwa na njia chache: mashamba ya miwa ya Lugazi na Kakira, au kambi. Ukimwondolea mtu shamba la biashara ukamwachia mlango wa kambi, usimwambie baadaye kwamba alizaliwa na buti.

Na vita vilipokuwa vikubwa, Waingereza walisahau nadharia yao wenyewe. Katika Vita vya Pili vya Dunia Uganda ilitoa zaidi ya watu 70,000, watu wa Buganda wakiwemo kwa wingi, na wengine walifika Burma na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki.

Burma ndiko anakoingilia Amin. Wazee wengi watakuambia Amin alipigana Burma. Yeye mwenyewe alisema hivyo, na mtu mkubwa kama yule akikuambia alipigana Burma hukai ukamdai cheti. Kumbukumbu za jeshi zinaonyesha aliandikishwa mwaka 1946, vita vikiwa vimekwisha, akaanzia jikoni kama msaidizi wa mpishi. Ubondia wake ulikuwa wa kweli: alikuwa bingwa wa Uganda wa uzito wake kwa karibu miaka ya 1950 yote. Cheo cha efendi, cha juu kabisa kwa Mwafrika kabla ya uofisa, alikipata kweli, na mwaka 1961 akawa mmoja wa wananchi wawili wa kwanza wa Uganda kupewa uofisa, yeye na Shaban Opolot. Burma ndiyo aliyojiongezea, kama alivyokuja kujiongezea medali na vyeo hadi kujiita mshindi wa himaya ya Uingereza.

Hekaya ya Burma ina kazi yake. Inamwonyesha Amin kama zao la vita vikubwa, wakati alikuwa zao la kambi ya amani: ngumi, paredi, na kuwasaka raia. Jeshi alilolirithi lilikuwa limeshajifunza pia jambo jingine. Januari 1964, wiki ile ile ya maasi ya Tanganyika na Kenya, askari wa Jinja waligoma wakidai mishahara, wakamzuia waziri wao, Felix Onama, na serikali ikaita wanajeshi wa Uingereza, kisha ikawaongezea mishahara. Waliogoma wakaona kwamba bunduki hujibiwa haraka kuliko barua. Mapinduzi ya Amin ya tarehe 25 Januari 1971 yalikuta somo hilo limekwisha kufundishwa.

Mwaka 1973 Amin akatangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa. Hapo ndipo hekaya ilipopata tarehe yake ya kuzaliwa. Mtu aliyekuwa na kinyongo na Kiswahili tangu kwa babu yake sasa akapata wa kumwelekezea kidole, na kidole chenyewe kilikuwa na haki: askari waliokuja usiku walizungumza Kiswahili. Sitamkatalia mtu yeyote hilo.

Ila sikiliza maneno yaliyobaki kwenye midomo ya Waganda, maana kila moja lina miaka yake kama bia ina tarehe ya mwisho. Magendo na mafutamingi ni ya Amin: biashara ya ulanguzi, na wale waliogawiwa maduka ya Wahindi waliofukuzwa mwaka 1972. Bakombozi na saba saba ni 1979: wanajeshi wa Tanzania, na roketi zilizokuwa zikiunguruma mbele yao. Mayumba kumi, mjumbe wa nyumba kumi, ilikuja baada yao. Panda gari ni miaka ya mwanzo ya 1980, utawala wa pili wa Obote, askari walipozingira mitaa na kuwapakia watu kwenye malori. Kadogo, mtoto mwenye bunduki, na mchakamchaka ni za NRA, jeshi la msituni la Museveni. Na sikukuu ya jeshi la leo inaitwa Tarehe Sita, kwa Kiswahili, na kila mtu anaitamka hivyo bila kuona ajabu. Ukihesabu, Amin ana maneno mawili tu hapo.

Kwa kuwa nimeitaja Tarehe Sita: tarehe 6 Februari 1981 Museveni na wenzake walishambulia kambi ya Kabamba, na tangu hapo kuna hesabu ya 27 ambayo watu huichanganya. Zilikuwa bunduki 27. Watu walikuwa wengi kuliko bunduki. Na ghala la silaha walilolifuata hawakulipata siku hiyo. Waliondoka na magari, wakarudi Kabamba zaidi ya mara moja, na ghala likaangukia mikononi mwao Januari 1985. Sherehe ni ya jaribio lililokwama, na sioni aibu yoyote katika kulisema. Wala hawakuwa wao pekee msituni: Andrew Kayiira alikuwa na kundi lake, na watu wa Yusuf Lule waliungana na Museveni mwaka huo huo wa 1981. Ila "bunduki 27" inapendeza mdomoni, na makundi matatu hayapendezi.

Tulipofika Lukaya taksi ikasimama, na papo hapo madirisha yote yakajaa vijiti vya kuku wa kuchoma na ndizi za gonja za moto. Mama akanunua gonja mbili, akanipa moja. Nikachukulia kwamba nimesamehewa kiasi.

Lukaya ndipo mahali pa kuimaliza hadithi ya nani alimng'oa Amin. Ukiwa Dar es Salaam utaambiwa ni Tanzania peke yake. Kwenye mikutano ya siasa Kampala utaambiwa ni Waganda waliokuwa uhamishoni, na jina la kamanda litabadilika kulingana na chama. Mitaani wako watakaokuambia hakuna aliyemng'oa, askari wake walisikia saba saba wakavua magwanda.

Mwisho wa Oktoba 1978 jeshi la Amin lilivuka mpaka wa Tanzania, tarehe 1 Novemba likatangaza kwamba eneo hadi Mto Kagera sasa ni Uganda, kisha likalipua daraja la Kyaka. Nyerere akawaambia wananchi wake: "Uwezo wa kumpiga tunao. Sababu ya kumpiga tunayo. Na nia ya kumpiga tunayo." Masaka ilichukuliwa tarehe 24 Februari 1979, na ilipigwa mizinga mpaka majengo yakabaki kuta. Wengi waliona ni kisasi cha yaliyofanywa Kagera.

Kisha ikaja barabara hii ya Lukaya, inayokatiza bwawa, mafunjo huku na huku, hakuna pa kuchepukia. Tarehe 10 Machi askari wa Amin na Walibya waliotumwa na Gaddafi walisonga mbele, roketi za Walibya zikipita juu ya vichwa, na Brigedi ya 201 ya Tanzania ikarudi nyuma. Ndiyo, ilirudi nyuma. Jeshi linalosemekana lilikimbia bila kufyatua risasi liliwasukuma Watanzania siku hiyo. Usiku Brigedi ya 208 ikazunguka kwa mbali na kuwaangukia kutoka ubavuni alfajiri. Walibya walikufa kwa mamia. Baada ya Lukaya ndipo kukimbia kulipoanza kweli.

Waganda waliokuwemo walikuwa wengi wa maana lakini wachache wa idadi: Kikosi Maalum cha Tito Okello na Oyite-Ojok, na FRONASA, kundi la Museveni. Vifaru, mizinga na brigedi zilikuwa za Tanzania. Kampala ilipoingiwa tarehe 10 na 11 Aprili, Watanzania waliiacha makusudi barabara ya Jinja wazi ili Walibya wapate pa kutokea. Halafu Redio Uganda ikawashwa, na sauti iliyotangaza kwamba Amin amekwisha ilikuwa ya Oyite-Ojok. Busara nzuri, mji wa Uganda utangaziwe na Mganda. Lakini aliyesikia redio alikumbuka sauti, hakuona msururu wa malori nyuma yake, na mabishano ya leo mengi yameanzia kwenye kipaza sauti hicho. Vita vyenyewe viliendelea hadi tarehe 3 Juni, majeshi yalipofika mpaka wa Sudan.

Katiba ya Uganda imekuwa ikikitaja Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili tangu marekebisho ya 2005, na Julai 2022 baraza la mawaziri likaamua kifundishwe kwa lazima shuleni. Nilimwambia mama hilo. Alikuwa akifuta mafuta ya gonja vidoleni, akasema wajukuu wake watafute mwalimu, yeye ameshahitimu.

Anajua sentensi mbili za Kiswahili, akaniambia. Alizitamka vizuri sana, bila lafudhi. Ya kwanza aliisikia akiwa msichana, hapo hapo Masaka, siku chache baada ya mizinga kunyamaza. Mkombozi mmoja, kijana tu, alisimama uani, bunduki imeelekezwa chini, akamwambia mama yake: "Mama, naomba maji." Mama yake hakuelewa chochote isipokuwa neno la kwanza, akamletea maji.

Ya pili ni "Panda gari". Hiyo hakuniambia aliisikia wapi. Taksi ilikuwa imeingia mjini, naye akainama kuutafuta mfuko wake wa dagaa.